Kulipia mlo kabla ya safari: piga hesabu kwanza, uhondo baadaye

NA MWANDISHI WETU, ELDORET

MGENI siku mbili, walisema wahenga, siku ya tatu mpe jembe akalime. Katika hoteli za pwani mgeni hapewi jembe. Hupewa bili, na bili hiyo aghalabu huwa nzito kuliko jembe lolote, hasa ikiwa mgeni huyo amefika na mke, watoto watano na mama mkwe.

Shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka, mahindi yakiwa yamevunwa na chama kikiwa kimegawana akiba yake, familia nyingi za hapa Eldoret huanza kuzungumzia Mombasa. Ni safari ya takriban kilomita 800 kwa barabara. Watoto huota bahari, wazazi huota usingizi. Lakini kuna swali moja ambalo huamua kama safari hiyo itakumbukwa kwa furaha au kwa deni, nalo huulizwa na hoteli kwenye simu kabla hata begi halijafungwa: Je, mtalipia na chakula?

Wazazi wengi hujibu haraka. Kuna wanaosema ndiyo kwa kuogopa aibu ya kukosa pesa mbele ya watoto, na kuna wanaosema la kwa kuamini kwamba hoteli zote ni wanyang'anyi. Ukweli ni kwamba hakuna jibu moja linalowafaa watu wote. Jibu hutoka katika karatasi na kalamu, na katika kujua mapema mtakuwa wapi jua likifika utosini.

Herufi zinazobeba pesa

Tangazo la hoteli huwa na herufi mbili karibu na bei. Usizipite kama mapambo, kwani ndizo zinazobeba pesa zako.

B.B. maana yake ni kitanda na kiamshakinywa, basi. Chakula cha mchana na cha jioni ni juu yako. H.B. ni kitanda, kiamshakinywa na mlo mmoja mkubwa, kwa kawaida chajio. F.B. huongeza chamcha, yaani milo yote mitatu ya siku. A.I. ni mpango unaojumuisha kila kitu: milo, vinywaji, mara nyingi hata chai ya alasiri na vitafunio vyake.

Hapa pana mtego ambao huwanasa wengi. Katika mipango ya H.B. na F.B., vinywaji vya wakati wa mlo kwa kawaida havimo. Soda ya mtoto, sharubati ya nyanya na hata chupa ya maji mezani huandikwa kando, ukatia sahihi kwa nambari ya chumba, na karatasi hizo zote hukusubiri asubuhi ya kuondoka. Familia ya watu wanane inayokunywa soda mchana na jioni kwa siku nne hutia sahihi mara 64. Zidisha hesabu hiyo kwa bei ya soda ya hotelini, si ya dukani kwako mtaani.

Mtego wa pili ni bei yenyewe. Bei inayotangazwa mara nyingi ni ya mtu mmoja, kwa usiku mmoja, akiwa analala chumba kimoja na mwenzake. Anayelala peke yake huongezwa. Msomaji anayedhani ameona bei ya chumba kizima hushtuka akifika mapokezi.

Wazo lilikotoka

Kulipia mlo kabla ya kuuona si jambo la juzi. Mwaka 1868 Mwingereza Thomas Cook, aliyekuwa akipanga safari za makundi, alianza kuuza kuponi za hoteli. Msafiri alilipa akiwa bado kwao, kisha akatoa kuponi ugenini badala ya fedha asizozielewa. Mwaka 1936 Billy Butlin alifungua kambi yake ya likizo huko Skegness, Uingereza, ambako bei moja ilikuwa na malazi, milo mitatu kwa siku na burudani. Mnamo 1950 Mbelgiji Gérard Blitz alianzisha Club Med katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania, na mtindo wa kulipa mara moja na kusahau pochi ukaenea ulimwenguni.

Hata bustani kubwa za burudani za Marekani zimeufuata. Walt Disney World iliyoko Florida ilianzisha mpango wake wa chakula mwaka 2005, ikausimamisha mwaka 2020 wakati wa korona, kisha ikaurudisha Januari 2024. Huko mgeni hununua idadi ya milo: ya kuketi na kuhudumiwa mezani, ya kuchukua dirishani, na vitafunio. Kila mlo huo hukatwa kwenye hesabu yake akishakula. Ile ambayo hajaila kufikia mwisho wa safari hufa pamoja na safari. Wala hakuna wa kumrudishia pesa.

Katika pwani yetu mtindo huu ulikuja na watalii wa Ulaya walioanza kumiminika katika miaka ya 1960 na 1970 kutoka nchi kama Ujerumani, Uswisi na Uingereza. Ulimfaa sana mgeni huyo. Alikuja kwa wiki moja au mbili, hakujua Kiswahili, hakujua mishkaki inauzwa wapi, na aliogopa kuumwa na tumbo. Alipenda kulipa kwao na kulala kando ya bahari bila kufikiria chochote.

Sasa jiulize, msomaji: je, wewe ni mgeni wa namna hiyo? Wewe unayejua lugha, unayeweza kumwuliza utingo wa matatu chakula kizuri kiko wapi, na ambaye watoto wako hawatakubali kukaa ndani ya ukuta mmoja siku nne mfululizo? Mpango ulioshonewa mtu mwingine unaweza kukufaa, lakini pima kwanza.

Hesabu ya watu wanane

Tuchukue familia ya mfano kutoka Kapsoya. Baba, mama, nyanya, kijana wa chuo mwenye miaka 19, msichana wa miaka 16, na watoto wadogo watatu wenye miaka kumi, saba na miwili. Tuseme hoteli yao inatoza nusu bei kwa walio chini ya miaka 12, na haitozi chochote kwa aliye chini ya miaka mitatu. Kwa hiyo watu wazima ni watano, nusu bei mbili zinafanya mmoja, na mdogo ni bure. Familia hii ya watu wanane hulipa kama watu sita.

Watakaa siku nne mchana. Tuseme kutoka H.B. kwenda F.B. mtu mzima huongezwa shilingi 1,500 kwa siku. (Bei hizi ni za mfano tu. Weka za hoteli yako mahali pake.) Mara sita ni shilingi 9,000 kwa siku. Mara nne ni shilingi 36,000. Hiyo ndiyo bei halisi ya chamcha, wala si bei ya safari nzima.

Tuseme pia kwamba hoteli hiyo humwuzia mtu mzima ambaye hakulipia mapema chamcha kwa shilingi 2,000. Kwa familia yetu hiyo ni 12,000 kwa siku. Wakila hotelini siku zote nne bila mpango watalipa 48,000, na hapo F.B. imewaokolea 12,000. Nani asiyependa?

Lakini watoto wanataka kumwona kobe mkubwa na kuwalisha twiga katika Haller Park, Bamburi. Siku nyingine wanataka kwenda Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Siku hizo mbili watakula nje. Tuseme chakula cha nje ni shilingi 400 kwa mtu, kwa watu saba, mdogo akila kwenye sahani ya mamake. Ni 2,800 kwa siku, 5,600 kwa siku mbili.

Aliyelipia F.B. atakuwa ametoa 36,000 na 5,600 juu yake, jumla 41,600. Aliyelipia H.B. na kununua chamcha hotelini siku mbili tu atakuwa ametoa 24,000 na 5,600, jumla 29,600. Tofauti ni shilingi 12,000, safari hii dhidi ya aliyelipa mapema. Wakitoka siku moja tu, njia zote mbili zinafikia 38,800, sawasawa bila hata senti ya tofauti.

Kanuni ni rahisi hata kwa mwanafunzi wa darasa la sita. Gawanya bei ya mlo ndani ya mpango kwa bei ya mlo uleule ukinunuliwa mmoja mmoja. Hapa ni 1,500 kwa 2,000, yaani robo tatu. Basi mpango wa F.B. una faida ikiwa tu mtakuwa mezani zaidi ya robo tatu ya siku. Chini ya hapo mnamlipia mpishi chakula ambacho hakuna atakayekila.

Na hoteli inalijua hilo. Inapenda malipo ya mapema kwa sababu inapata pesa kabla ya gharama, inajua idadi ya watu wa kupikiwa, na inajua kwamba baadhi yao hawatatokea. Sahani isiyoliwa ni faida kwake. Si dhambi, ni biashara. Lakini ni biashara inayotegemea wewe usipige hesabu.

Treni haingojei chamcha

Kuna mlo mmoja ambao watu wa bara huupoteza karibu kila mara, nao ni wa siku ya kuondoka.

Tangu treni ya SGR ilipozinduliwa mwishoni mwa Mei 2017, familia nyingi za Eldoret husafiri usiku kwa barabara hadi Nairobi, kisha hupanda treni Syokimau. Ukirudi, treni ya asubuhi hukuondoa hotelini pengine hata kabla ya kiamshakinywa kuwa tayari, ukizingatia umbali wa kufika kituo cha Miritini na ukaguzi wa mizigo. Treni ya alasiri nayo itakufanya uondoke chamcha kikiandaliwa.

Kwa kawaida hesabu ya H.B. huanza kwa chajio cha siku ya kufika na kuishia kwa kiamshakinywa cha siku ya kuondoka, na ile ya F.B. huishia kwa chamcha. Linganisha saa za milo na tiketi yako. Ukiona mlo utakaoukosa, omba mambo mawili: ama upewe mlo wa mwanzo badala yake siku utakayofika mapema, ama mfungiwe chakula cha kubeba. Hoteli nyingi hukubali kufunga mayai, mkate na matunda zikiarifiwa jioni ya kabla. Asiyesema hapewi.

Uhondo ulio nje ya lango

Mkazi wa Eldoret anayekwenda Mombasa na kurudi akiwa amekula chipsi na kuku peke yake amekosa nusu ya safari. Mahamri kwa mbaazi za nazi asubuhi, viazi karai vyenye ukwaju, mishkaki ya jioni, samaki wa kupaka, biriani ya Ijumaa, dafu linalopasuliwa mbele yako: hivi vyote viko nje ya lango la hoteli na kwa bei ya mwananchi. Jioni, watu wa Mombasa wenyewe huenda kupunga upepo kando ya bahari katika barabara ya Mama Ngina, wakila mihogo yenye pilipili na ndimu. Hata aliyelipia H.B. huenda akatamani kuacha chajio cha hoteli usiku mmoja, na usiku huo auhesabu mapema.

Jihadhari na jambo moja. Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya kisiwani hufungwa mchana na kufunguliwa jioni, ambapo vyakula hujaa kila mahali. Familia isiyofunga, yenye watoto wadogo, na iliyotegemea kula mjini mchana inaweza kuhangaika. Safari ikiangukia mwezi huo, mpango wenye chamcha una maana zaidi.

Kuna na njia ya tatu: kukodi nyumba Nyali, Bamburi au Mtwapa, mkajipikia. Kwa familia kubwa hii mara nyingi ndiyo nafuu kuliko zote. Soko la Kongowea lina mboga, nazi na matunda tele. Viungo vinapatikana Marikiti. Samaki hupatikana zaidi majira ya kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari inapotulia. Likizo ya Agosti ni majira ya kusi, bahari huchafuka, na bei ya samaki hupanda.

Lakini uliza swali ambalo akina baba hulisahau: nani atapika? Ikiwa mama aliyepika mwaka mzima Eldoret atasafiri kilomita 800 kwenda kupika Mtwapa, hiyo si likizo, ni uhamisho. Ongeza malipo ya mpishi katika hesabu ya nyumba kabla ya kuilinganisha na hoteli. Wapishi wa kukodiwa kwa siku wapo, na wengi wao hupika wali wa nazi ambao hoteli haiwezi kuufikia.

Mpango unapofaa

Tusiseme kwamba kulipia mapema ni upumbavu. Kuna familia ambazo ni dawa kwao.

Kwanza ni zenye vijana. Mvulana wa kidato cha tatu mbele ya meza ya kujipakulia ni mtu wa kuogopwa, na bei yake ni ileile hata akirudi mara tano. Pili ni zenye wazee wasioweza kuzunguka juani. Nyanya anayekaa hotelini kutwa akitazama bahari atakula kila mlo uliolipiwa. Hapa baadhi ya hoteli hukubali nyanya awe F.B. na wengine H.B., hata kama ni familia moja. Uliza.

Tatu ni zile ambazo pesa zikiwa mfukoni hazikai. Baba anayejijua kwamba akifika pwani kila anayepiga simu ataalikwa mezani, heri alipe chakula chote akiwa bado Eldoret. Malipo ya mapema ni kufuli pia.

Nne, kuna raha ambayo haiandikwi kwenye risiti. Mtoto akiuliza, "Mama, naweza kuongeza?" mama hujibu ndiyo bila kwanza kuangalia bei. Kwa mzazi anayesema la kuanzia Januari hadi Novemba, siku nne za kusema ndiyo zina thamani. Kama mmeweza kuzilipia bila kukopa, zifurahieni.

Msisahau tumbo la mtu wa bara. Wazee wetu wengi hawatagusa pweza wala kamba hata wakisukumwa. Uliza kama kuna ugali, mboga na maziwa kila siku. Hoteli nyingi hupika ugali, lakini mara nyingine kwa jioni fulani tu. Kumlipia nyanya milo 12 ya vyakula asivyovila, kisha kumnunulia mkate na chai, ni kulipa mara mbili.

Kabla ya kutoa arubuni

Chukua kalamu, mzazi, uyaulize haya na kuandika majibu:

1. Bei ni ya mtu au ya chumba? Ni ya usiku mmoja? Kodi na ada zote zimo?

2. Mtoto hulipa nusu kuanzia umri gani hadi umri gani? Je, nusu hiyo ni ya chakula pia au ya kitanda tu?

3. Vinywaji gani vimo? Maji ya kunywa mezani yamo?

4. Mlo wa kwanza ni upi na wa mwisho ni upi?

5. Tukikosa chamcha kwa kutembea, tunaweza kufungiwa cha kubeba, au kubadilisha kwa chajio?

6. Tunaweza kununua chamcha siku moja moja, na kwa bei gani?

7. Safari ikivunjika kwa ugonjwa au msiba, arubuni hurudi? Kwa masharti gani?

Yaombe majibu kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha, mradi uuhifadhi. Lipa kwa akaunti au nambari ya biashara yenye jina la hoteli, kamwe si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, kwani matapeli hupenda sana Desemba. Ukinyimwa ulicholipia, kumbuka kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya huduma bora na ya kupewa habari anazohitaji, na kwamba Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Lakini aliye na maandishi mkononi mara nyingi humaliza ugomvi palepale mapokezi.

Njaanuari inakuja

Wakenya wana jina la utani kwa mwezi unaofuata Desemba: Njaanuari. Ni mwezi wa karo, sare, godoro la shule ya bweni na sanduku la kufuli. Shilingi 12,000 zilizobaki kwa kutolipia chamcha kisicholiwa hazionekani pwani, ila huonekana vizuri sana siku ya kufungua shule.

Kwa hivyo wiki mbili kabla ya safari iketisheni familia nzima mezani, hata watoto. Andikeni siku zenu moja moja: asubuhi wapi, mchana wapi, jioni wapi. Hesabuni milo mtakayokuwa hotelini kweli, na mlipie hiyo. Kijana wa chuo apewe kikokotoo, nyanya aulizwe anachokula, na mama aulizwe kama anataka kupika. Hesabu hiyo itawachukua saa moja, na mdogo kuliko wote asinzie kabla haijaisha. Haidhuru. Yeye bado anakula bure.